Seremala na Milango ya Watu

Kwa nini seremala yule alisimama kukagua kila mlango njiani kuja kituoni? Mwanafunzi aliyemwona njiani, kisha akaketi nyuma yake na mkewe basini, alilipata jibu kwa mke huyo.

"Umekagua milango ya mtaa mzima, baba watoto. Sema tu pumzi zinakuishia."

"Nikimwambia daktari, atadhani nimeacha dawa za virusi."

"Chakula unasahau, dawa hujasahau hata siku moja! Virusi vimetulia; yanayougua ni mapafu. Ukizimika, nitagombana na nani?"

"Utaolewa na jirani yetu fundi bomba."

"Yule anakoroma hadi ukuta wetu unatikisika."

Akamfunga kifungo cha shati kwa upole uliokanusha ukali wake wote.

Basi likasimama mbele ya hospitali. Seremala akainuka. "Jamani, nipisheni polepole," akawaambia abiria. "Napumua kwa shida, na leo namweleza daktari."