Tuanze na Mguu Gani?

Kwenye treni ya asubuhi, mbele yangu, mshonaji mmoja alikuwa akimbembeleza bintiye avae viatu. Mtoto amegoma. "Huyu ataniachisha kazi, dada," alimwambia jirani yake, muuguzi. "Kila siku nachelewa."

"Usimwamrishe, mpe achague."

"Si ataniona sina kauli?"

Muuguzi aliinama, macho kwa macho na mtoto. "Bibie, tuanze na mguu huu au ule?" Mtoto akatafakari kama hakimu, kisha akanyoosha wa kushoto. "Hongera! Umetusaidia sana."

Mama akacheka, machozi yakimlengalenga. "Na kesho akichagua kutovaa kabisa?"

Muuguzi alifungua mdomo ajibu, treni ikasimama. Mtoto akashuka nao, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.