Jina la Kumi na Nane

Simu iko begani, penseli mkononi, na mezani kuna orodha ya madaktari thelathini na mmoja walioacha jeshi. Majina kumi na sita yamekwisha kukatwa. Sajini Odile Gaudreau anabonyeza namba ya kumi na saba.

Ilikuwa Jumatano iliyopita, wasikilizaji wapendwa. Ilikuwa asubuhi yake ya mwisho.

Odile alikuwa sajini wa tiba katika kambi yetu ya Marchbank, hapa jimboni New Brunswick. Alistaafu, ila kazi moja hakuiacha: kuwatafutia askari madaktari. Kambi inahitaji madaktari wanne. Narudia, wanne. Mwezi huu alibaki mmoja.

Daktari akija kutazama kambi, wakubwa walimwonyesha vifaru vya vita. Odile alimchukua mke au mume wa daktari, akampeleka shuleni, kwenye uwanja wa hoki ya barafu, na mahali angeweza kupata kazi. Alimwambia binti yake Mireille kwamba anayeamua ni yule anayekaa kiti cha abiria.

Ndivyo alivyompata Dk. Wendell Ostrowski, mpasuaji. Hata hivyo, Oktoba hii, Wendell alileta barua ya kuondoka. Mkataba wake ulikuwa unaisha Ijumaa. Akienda, zahanati ya kambi inafungwa.

Mireille alikuwapo, akanisimulia.

"Sajini, usinibembeleze," Wendell alisema. "Tangu Mei nimeshona vidole viwili na kidevu kimoja. Mikono yangu inasahau."

"Kwa hiyo niwavunje vijana miguu?"

"Nataka kupasua tu."

"Miaka mitatu, mbona hukusema?"

"Hukuniuliza mimi. Ulimuuliza mke wangu."

Odile alicheka mpaka akakohoa. Kisha akavuta simu.

Hospitali ya mjini ina wagonjwa wanaosubiri upasuaji miezi minane. Aliomba Wendell apasue pale siku tatu kwa wiki, akiwa bado mwanajeshi. Hospitali wakakataa mara mbili. Jeshi likimwita ghafla, nani atashika zamu yake? Walitaka wapasuaji wawili wa kumshikia nafasi. Ndiyo maana ya ile orodha.

Jina la tisa lilikubali. Na la kumi na saba, wasikilizaji, likakubali! Odile aliwapa hospitali majina yote mawili, akaambiwa asubiri jibu. Mchana huohuo moyo wake ulisimama, akiwa kwenye kiti chake.

Alhamisi simu ililia. Mireille akapokea kwa macho mekundu. Hospitali imekubali. Aliniambia alipiga kelele jikoni peke yake, akilia na kucheka. Ijumaa, saa tatu asubuhi, Wendell alisaini mkataba mpya wa jeshi, wa miaka minne. Miaka minne!

Mireille, wewe na jamaa zako, tunalia pamoja nanyi. Nasi tuliobaki, tujiulize: ni nani nyumbani au kazini tunayempangia mambo mema bila kumuuliza yeye?

Kambini amebaki daktari mmoja, Wendell. Watatu bado hawajapatikana. Pembeni mwa jina la kumi na nane Odile aliandika: "Muulize yeye mwenyewe anataka nini, na kama atarudi jeshini."

Leo Wendell na Mireille wamekaa mezani pale, na penseli ileile. Wamepiga. Jina la kumi na nane halikupokea.

Kesho watapiga tena.