Papa Viateur Harelimana na Hesabu ya Mwanga Aliyokataa Kuigeuza

Wapendwa katika Kristo, majirani wa Murara na nyinyi mliotoka Rutshuru, familia imemtuma Damascène, mdogo wa marehemu, awasomee maisha ya kaka yake.

Viateur Harelimana alizaliwa Rutshuru tarehe 12 Machi 1921, mtoto wa tatu wa muzee Hitimana na mama Dancille, akasoma shule ya misheni, kisha seminari ndogo, ambako padri mmoja alimfundisha hesabu za juu, na mwaka 1943 akaacha njia ya upadri, jambo lililomuuma baba yake hadi kufa.

Alifundisha shule hapa Goma, tarehe 8 Julai 1946 akafunga ndoa na Léoncie Mukamugema, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza Élisabeth, na kati yao Damien alitangulia angali mchanga.

Mwaka 1951 aliitwa kwenye nyumba ya utafiti upande wa Bukavu, kupiga hesabu za namna fotoni, yaani chembe za mwanga, zinavyotawanyika zikigonga viini vyepesi vya atomi, hasa kile cha hidrojeni nzito, chenye protoni moja na nyutroni moja. Mwaka 1955 hesabu yake haikulingana na vipimo vilivyotoka Ulaya, mkubwa wake akamwamuru azisogeze namba zifanane, Viateur akazirudia toka mwanzo, zikatoka vilevile, akakataa kutia sahihi, akafukuzwa.

Shule nazo ziliogopa kumpokea, hivyo mama Léoncie akalisha nyumba kwa kuuza maharagwe sokoni, na siku moja, wakila, akamuuliza, "Papa Élisabeth, hizo namba ulizipenda kupita sisi?" Naye akajibu, "Hapana, mama. Ningedanganya kule ningezoea, kisha ningewadanganya na nyinyi." Jibu hilo halikumridhisha, wala hakulificha hilo.

Agosti 1957 kifua kilimshika, akalazwa, akaendelea kuhesabu kitandani, na Donat Kamate, mwenzake wa kazi, alipokuja kumwambia kwamba vipimo vimerudiwa na bado haijulikani nani yuko sahihi, alitabasamu, akasema, "Basi kazi ingaliko." Alifariki alfajiri ya tarehe 3 Februari 1958.

Familia inawashukuru waganga na masista waliomuuguza, majirani walioleta kuni na chakula, na papa Donat, aliyekuja wakati wenzake wengine waliogopa kuonekana naye.

Mama Léoncie ameomba isemwe hapa wazi kwamba hajui kama hesabu ile ilikuwa ya kweli, kwamba hasira yake haijaisha, na kwamba tangu wafunge ndoa mutu huyu hakumwambia uongo hata mara moja.

Papa Élisabeth, pumzika sasa, amani ya Mungu ikutunze.