Mwalimu Kerubo, Jiko Lake na Wanafunzi Walioitwa Dhaifu

Marehemu Mwalimu Valary Kerubo alizaliwa tarehe 14 Agosti 1981 huko Nyamache, Kisii, nchini Kenya, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Ombaso na Mama Teresia. Mimi Zadock, ninayesoma hapa, ni mdogo wake wa kumfuata. Yeye ndiye aliyeniachia ziwa. Ndugu wameniomba nisome kwa upole. Nitajaribu, ila nimesimama hapa na kinyaa moyoni, na marehemu hakupenda unafiki.

Alisoma shule ya msingi Nyamache hadi mwaka 1995, kisha sekondari hukohuko Kisii hadi 1999. Mwaka 2001 aliingia chuo kikuu Nairobi kusomea lugha, akachagua Kihispania kwa sababu, alivyosema mwenyewe, foleni ya Kifaransa ilikuwa ndefu. Muhula wa kwanza alianguka vibaya. Baba alipouliza matokeo akaambiwa bado hayajatoka, na likizo nzima dada yangu alikuwa anakimbilia shambani kila wageni wakija. Alihitimu mwaka 2005, lakini ile likizo hakuisahau.

Alifika Juba mwaka 2011 kufanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya mtaa wa Hai Amarat. Siku moja mgeni aliletewa supu baridi, akaanza kumtukana mpishi chinichini kwa Kihispania, pamoja na mama wa mpishi. Marehemu akamjibu kwa Kihispania kwamba mama huyo ameokoka na yuko Busia, amwache. Mgeni yule ni shemeji yetu Constantine, mmoja wa watoto wa Sudan Kusini waliopelekwa kusoma Cuba wakati wa vita. Walifunga ndoa kanisani tarehe 9 Machi 2013 na Mungu akawajalia watoto wawili.

Mwaka 2017 aliajiriwa kufundisha Kihispania katika chuo kikuu kimoja hapa mjini. Aliwakuta wanafunzi wa mwaka wa kwanza wamejazana ukumbini kama magunia, wanafundishwa kana kwamba wamezaliwa Havana, na wakianguka wanaambiwa hawana akili. Akaomba chumba awafundishe tena Jumamosi, taratibu, bila malipo. Mkuu wa idara akampa chumba, ila kwa sharti moja: mlangoni kipigiliwe kibao chenye maneno MSAADA KWA WANAFUNZI DHAIFU, ili wenye akili wasipoteze muda humo.

Jumamosi ya kwanza hakuingia mtu. Marehemu alikaa ndani akiwaona dirishani: wanafika, wanasoma kibao, wanapita. Binti mmoja, Nyapal, alizunguka jengo mara kadhaa hadi marehemu akamfuata.

"Mwalimu, mimi iko sawa," Nyapal alisema. "Mimi ilikuwa natafuta choo tu."

Dada yangu aliijua aibu ile. Hakumbishia. Alimwambia tu, "Jumamosi ijayo njoo kwangu unisaidie kupika. Uje na wenzako."

Hivyo ndivyo masomo yalivyohamia hapa nyumbani kwake Lemon Gaba, kwenye uwanja huu mlipoketi. Waliokuja walikuwa wamealikwa kupika, na mtu hapiti mbali na jiko kwa aibu. Walimenya vitunguu kwa Kihispania, wakahesabu sahani kwa Kihispania, na shemeji akajifanya muuza duka mkorofi asiyeelewa mtu. Wakishakula, wanafungua mitihani ya zamani. Sheria ilikuwa moja: chumvi haitiwi jikoni. Anayo Mwalimu, na anayeitaka aiombe kwa Kihispania mbele ya wote. Siku ya kwanza hakuna aliyethubutu. Walikula maharagwe yasiyo na chumvi, wakatazamana, na marehemu akala nao bila chumvi hadi akamaliza. Wiki iliyofuata Nyapal akaomba. Mwaka huo wengi wao walifaulu.

Sasa sikilizeni jambo linalonitia kichefuchefu. Chuo kiliandika kwamba ufaulu ule ni matunda ya kituo chake cha msaada wa masomo. Kituo kipi? Kile chumba kilichofungwa, chenye kibao. Wakakipiga picha.

Tarehe 20 Novemba 2023 marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya titi. Alitibiwa Kampala, akarudi, akaendelea kufundisha akiwa ameketi. Alipozidiwa alimpigia simu mkuu wa idara kumwomba ateue mwalimu wa kuendelea na vijana, na kibao king'olewe. Nilikuwa kando ya kitanda, nikayasikia majibu kwa masikio yangu. "Walimu wana kazi nyingi, Madam. Hao dhaifu wachujike wenyewe." Dada yangu aliiweka simu chini akageukia ukutani. Shemeji akamshika mkono, akampa pole kwa Kiarabu cha Juba, "Malesh, Kerubo. Malesh." Alifariki asubuhi ya Jumatano, tarehe 10 Septemba 2025.

Na leo, kabla mwili haujashuka kaburini, nimeletewa karatasi ya chuo niwasomee kwamba kituo kile sasa kitaitwa kwa jina la marehemu. Sitaisoma. Nimeuliza kama kibao kimeondolewa, nikaambiwa hilo ni suala la kikao. Familia imekataa. Jina la dada yangu halitapigiliwa juu ya neno lile.

Marehemu ameacha mume, Constantine, watoto, Gaetano na Janepher, mama yetu Teresia, ndugu wanne, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza ambao mtihani wao uko karibu. Hao watakuja hapahapa Jumamosi. Nyapal, ambaye siku hizi ni mkalimani, atawafundisha.

Baada ya mazishi kuna chakula. Kimepikwa na wanafunzi, na hakina chumvi. Chumvi anayo Nyapal, na itaombwa kwa desturi ya nyumba hii. Mkuu wa idara tunakuona hapo mbele, karibu sana. Tunajua wewe ni mtu wa utawala na Kihispania hukukisoma. Usione haya, mzee wetu. Pita nyuma ya nyumba, vijana watakufundisha taratibu, na hakuna atakayekucheka.

Mungu amlaze Mwalimu wetu mahali pema, pasipo na kibao mlangoni.