Swali Moja la Mama Janeffer

Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa mbili na robo asubuhi, gari letu liliondoka Mogogosiek kuelekea Kericho katika mvua ya manyunyu. Shuleni kwetu tulifundishwa kutosikiliza mazungumzo ya wengine. Kwa bahati mbaya, wanawake wawili waliokaa mbele yangu hawakufundishwa kunong'ona.

Elmina, binti wa chuo kikuu, alikuwa akienda kukabidhi utafiti wake kuhusu mashine za kuvunia majani chai. Kando yake aliketi Mama Janeffer, mchumaji wa chai ambaye binti huyo aliwahi kumhoji.

"Mama, wewe ndiwe sura yangu ya tatu," binti alijigamba. "Fomu za maswali huhesabu watu tu. Mahojiano ya kina hufika moyoni."

"Na moyo ulisema nini?"

"Kwamba mashine zimewapumzisha, na mnashukuru."

"Hiyo niliambia mgeni. Umekaa kwangu, umeshika kikombe cha mursik, maziwa yetu ya mgando, na nyapara wa shamba amesimama mlangoni. Ningesema aje mashine inatunyang'anya kazi?"

Gari likipanda kilima, binti alitoa karatasi za sura hiyo mkobani. Sayansi, niliona, ilikuwa imesahau kufunga mlango.

"Uliahidi nikimaliza kujibu, na mimi nitakuuliza swali moja," mama aliendelea. "Bado ninakudai. Hiyo sura, utaibadilisha?"

"Ninaikabidhi saa nne, mama."

"Sikuuliza saa."

Gari lilisimama Kericho. Elmina alizitazama karatasi zake zilizochapwa vizuri, akazirudisha mkobani.

"Sitaibadilisha."

"Wewe umejibu ukweli," Mama Janeffer alisema, akimshikia mlango ashuke. "Hatudaiani."