Fundi Aliyeshusha Kola

Ndugu, jamaa na majirani, marehemu aliagiza historia yake isomwe yote, na ingawa baadhi yetu tulipendekeza tuseme tu kwamba aliugua kwa muda mfupi, mkewe amekataa katakata.

Alizaliwa tarehe 4 Machi 1958, wa kwanza kati ya watoto watano wa seremala, akamaliza shule ya msingi mwaka 1972, na kwa kuwa hesabu zilimpiga chenga, shangazi yake akamkalisha mbele ya cherehani, naye hakuinuka tena kwa miaka hamsini na miwili.

Tarehe 2 Mei 1981 alifungua kibanda chake karibu na kituo cha mabasi, akasifika kwa mashati hadi watu wakamwita Fundi Kola, na tarehe 12 Desemba 1987 alimuoa muuza vitambaa wa duka la jirani, ambaye, kwa kukiri kwake mwenyewe, alikuwa akimkatia kitambaa pungufu ili arudi, wakajaliwa mabinti wawili.

Februari 2007 uvimbe kama punje ya maharage ulimtokea shingoni, ukafuatwa na vivimbe vingine viwili, usiku akawa analowa jasho, mwili ukapungua, naye badala ya kwenda hospitali akajishonea mashati ya kola ndefu, akiogopa kusemwa kuliko kufa, na wateja, wakidhani ni mtindo mpya, wakaagiza ya kwao, akawashonea huku akiona haya.

Mwezi Mei mkewe alimfungua vifungo, akamuuliza, "Baba, mtindo gani huu unaotoa usaha?", akamshika mkono hadi hospitali, ambako tezi zilipimwa kwa sindano na kuonyesha kifua kikuu cha tezi, na damu ikaonyesha virusi vya ukimwi. Mkewe alipima, hakuwa navyo. Mengine waliyamaliza wenyewe chumbani, nasi hatuyaulizi. Mapafu yalikuwa safi, hakuweza kuambukiza mtu kwa kikohozi, kwa hiyo hakuna kikombe kilichotengwa. Alianza dawa za kifua kikuu tarehe 21 Mei, za virusi mwezi uliofuata, na tezi zilipovimba upya alitaka kuzitupa dawa zote, lakini daktari akamweleza kwamba kinga ya mwili imeamka na inapigana, asiiache peke yake, naye hakuiacha. Novemba akapona kifua kikuu, na dawa za virusi akameza hadi mwisho.

Januari 2008 alitangaza kushusha kola ndefu zote bure, wakaja wateja kumi na mmoja wakicheka, ila wa kumi na mbili, mwalimu, alikataa kuvua shati, na Fundi akaelewa, akavuta pazia, akamwonyesha kovu lake, akasema, "Na mimi nilishona ili nijifiche, kesho nafunga duka, twende wote hospitali." Mwalimu huyo amepona, yuko nasi hapa, na ameturuhusu kulisema hili.

Fundi alifariki ghafla kwa kiharusi Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, akiwa na miaka sitini na saba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliokesha nasi, na mafundi wenzake waliofunga vibanda leo. Shati alilovishwa leo alilishona mwenyewe mwezi Aprili, na mkewe alipouliza mbona kola ameikata chini hivyo, kovu lote liko nje, alijibu, "Waache walione."

Wameliona, Fundi. Lala kwa amani.