Bi Sabuni Aliyegeuza Gazeti

Ifikapo tarehe 30 Juni, muuguzi mkuu wa kitengo chetu cha figo atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja kazini, na atastaafu. Jina lake rasmi limo kwenye jalada la utumishi. Sisi tunamjua kama Bi Sabuni.

Alianzia wodi ya wazazi, akahamia kwetu kitengo kilipofunguliwa kikiwa na vyumba viwili na sinki moja. Kazi yake imekuwa kuwafundisha watu ambao figo zao zimegoma wajisafishe damu nyumbani kwa kupitia tumboni: maji ya dawa yanaingia kwa mrija, yanakaa saa kadhaa, kisha yanatoka na taka hadi kwenye mfuko. Vijidudu vikipenya kwenye mrija, tumbo zima liko hatarini. Ndiyo maana Bi Sabuni haamini mkono wa mtu. Mkurugenzi alipomletea cheti cha utumishi bora alipelekwa sinki kwanza, kisha akarudishwa kwa sababu ya pete. Wakwe zake walipokuja kujitambulisha walipangwa foleni bombani kabla ya kuonyeshwa viti.

Kipimo chake ni rahisi. Mfuko uliotoka tumboni unalazwa juu ya gazeti. Maandishi yakisomeka, maji ni safi; yasiposomeka, mgonjwa haendi nyumbani. Kwa miaka tisa tulitumia ukurasa uleule, umefunikwa plastiki, wenye habari ya ng'ombe aliyeingia benki.

Miaka mitatu iliyopita akaja fundi cherehani mmoja, mgonjwa wetu wa siku nyingi, mzee mcheshi, harusi ya binti yake imebaki siku nne na gauni halijapigwa pindo. Tumbo lilikuwa likimuuma, akanyamaza. Wala hakusema kwamba mwezi uliotangulia alijinunulia dawa za kuua bakteria kwa ajili ya jino, akazibugia kama karanga. Tulipomwekea mfuko juu ya gazeti, alisoma habari ya ng'ombe kwa sauti ya mtangazaji wa redio, bila kukwama. Mimi nikaandika: maji safi.

Bi Sabuni alikuwa akipita na taulo. Akaligeuza gazeti juu chini. Fundi akaendelea: ng'ombe akapanda ngazi, meneja akajifungia chooni. Bi Sabuni akaligeuza upande wa pili, wenye tangazo la magodoro. Ng'ombe bado yumo benki!

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Yeye hakucheka. Aliuinua mfuko dirishani, na maji yalikuwa kama ya kuoshea mchele. Maabara wakakuta fangasi. Hao dawa za bakteria haziwagusi. Tena huwasafishia njia kwa kuwaondolea washindani. Wakishajishikiza kwenye mrija hawatoki mpaka ung'olewe, na kila siku ya kusubiri ni kucheza na kifo. Fundi aliomba siku nne tu, za harusi. Bi Sabuni akamjibu kwamba mafundi wa gauni wako wengi mjini, ila baba wa bibi harusi ni mmoja.

Mrija ulitolewa siku hiyohiyo. Harusi ikasogezwa wiki tano, pindo likapigwa wodini, naye akahudhuria amekonda lakini anacheza. Siku hizi anasafishwa damu kwa mashine, analalamikia viti vyetu, na ana mjukuu. Gazeti tunanunua jipya kila asubuhi.

Niseme bila kuzunguka: ningemruhusu mimi, kwa kalamu yangu. Bi Sabuni hakunisema mbele ya watu. Alifunga mlango, akanisema sawasawa, kisha akanimiminia chai. Sijawahi kumshukuru vya kutosha.

Dada yetu, asante. Kapumzike, ule vizuri, na Mungu akupe miaka mingi yenye afya na furaha. Gauni utakaloagwa nalo amelishona fundi yule. Alikuja mwenyewe kukupima, na kabla hajagusa futi yake alikwenda sinki, akanawa, bila kuambiwa na mtu.